Jumapili Nilipobaki na Mbuzi Kanisani

Tangu nistaafu, mke wangu analalamika kwamba nawahubiria kuku. Si kweli. Ninawaonya tu. Mtu aliyetumia maisha yake kuwaonya watu juu ya dhambi hawezi kunyamaza kwa sababu tu kanisa limempa kitambaa cha suti na kumwambia akapumzike. Kwa hiyo ninyi wachungaji vijana mnaoingia kazini hapa Likasi mliponiomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, aliyefurahi kwanza ni mke wangu. Nadhani kuku walikuwa wa pili.

Sitawasimulia nilivyopandishwa cheo, maana sikupanda mbali. Nitawasimulia jambo moja lililonisumbua tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho: Biblia imejaa maonyo juu ya dhambi, waumini wetu wanayapenda maonyo hayo sana, na karibu kila mmoja anaamini yaliandikwa kwa ajili ya jirani yake.

Nilitoka chuo cha uchungaji nikiwa mwembamba, na sauti kubwa kuliko kifua. Waliniweka chini ya Pasta Ngoie. Yeye alikuwa fundi wa mashine mgodini kabla Mungu hajamwita, na mafuta ya grisi hayakuwahi kutoka kabisa kwenye kucha zake. Alimsikiliza mtu kama fundi anavyosikiliza injini: kimya, kichwa kimeinama upande, akingojea ile sauti ndogo isiyopaswa kuwapo. Wakati wa mahubiri ya wengine alifumba macho. Wengi walisema anaomba. Mimi niliyekaa karibu naye nilisikia akikoroma.

Jumapili ya kwanza alinipa mimbari, nami nikaimwaga dhambi yote niliyosomea. Niliwaonya wauaji. Niliwaonya wazinzi, walozi, waabudu sanamu, na wale wanaohamisha mipaka ya mashamba. Kanisa lilitikisika. "Amina!" "Sema, Pasta!" Mama mmoja alisimama akapunga leso. Baada ya ibada nilipewa jogoo, nikarudi chumba cha nyuma nimembana kwapani kama mwanafunzi aliyebeba cheti.

Pasta Ngoie alikuwa anakula karanga.

"Banakupenda sana," akasema, kwa Kiswahili cha huku, ambamo "wa" ni "ba", "ndiyo" ni "njo", na "juu ya nini" ni kwa nini.

"Aksanti, Papa."

"Hapana kunishukuru. Juu ya nini banakupenda? Ulisema muuaji, bakasema amina. Ulisema mulozi, bakasema amina. Ulimuona hata mumoja anainamisha kichwa?"

Nikafikiri. "Hapana, Papa."

"Njo vile. Ile mahubiri ni ya Buluo. Hapa ni Likasi."

Buluo, kwa msiokuwa wa hapa, ndiko kulikojengwa gereza kubwa, nje kidogo ya mji. Nilidhani ananitania. Wiki iliyofuata alinipandisha baiskeli na kunituma huko, na mahubiri yaleyale mfukoni.

Niliogopa gereza, lakini zaidi niliogopa jinsi watakavyolia nitakapofika kwenye wauaji. Sikuwajua wanadamu. Wafungwa walisema amina kwa nguvu kuliko kanisa letu. Baadaye mmoja wao, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinishika mkono akanishukuru. "Pasta, ulisema kweli. Minye niko mwizi tu. Mais ule pale, njo muuaji. Yeye njo alipashwa kusikia." Nikaenda kwa yule pale. Naye akanishukuru sana. "Yangu ilikuwa hasira ya siku moja," akasema. "Ule wa miwani aliiba kitu ya mujane. Muntu anaiba mujane, Pasta! Mungu atamuuliza."

Nikarudi kwa Pasta Ngoie.

"Na kule?" akauliza.

"Bote banasema amina, Papa."

Alicheka mpaka karanga zikamwagika. Kisha akasema kwamba sasa naweza kuanza kazi.

Vifaa vya kazi hiyo ni vichache. Baiskeli, kwanza, na iwe na kengele inayosikika kutoka mbali, ili watu wapate nafasi ya kuficha wanachotaka kuficha. Mchungaji anayefika ghafla hatapendwa. Leso mbili, moja yako na moja ya anayelia. Tumbo kubwa lenye adabu, kwa kuwa ukizuru nyumba nne utapewa bukari, ugali wetu, katika nyumba nne, na ukikataa sombe, yaani majani ya muhogo, ya nyumba ya tatu umeleta vita kati ya nyumba ya tatu na ya pili. Kula kidogo kila mahali na sifu sana. Na kifaa kikubwa kuliko vyote alinipa Pasta Ngoie bila malipo: masikio ya kupima amina. Amina ya haraka ni amina ya jirani. Ukisema jambo, kanisa likanyamaza, mtu akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakimo, hapo umefika nyumbani kwake. Usikimbie. Lakini pia usipige kelele. Bisha hodi tu.

Basi nikaacha wauaji, nikaanza kutafuta dhambi zinazoishi mjini. Nilizikuta zimekaa vizuri, zina viti.

Nakumbuka darasa moja la ubatizo, simu za mkononi zilipokuwa zimeenea hata kwa wasio na umeme wa kuzichaji. Tulikuwa kwenye onyo la uongo. Shemasi wetu, Papa Kaseba, mtu mwenye sauti nzito na koti la vifungo vinne, alikuwa anawaeleza vijana kwamba mwongo baba yake ni Shetani, maneno ambayo alikuwa akiyatamka kwa raha. Simu yake ikalia. Akaipokea palepale.

"Allô? Eh, ndugu. Minye niko Lubumbashi! Ndiyo, Lubumbashi. Nitarudia wiki inakuya."

Akaifunga, akageukia darasa. Darasa lilikuwa linamtazama. Nje jogoo wa jirani akawika.

"Ile haina bongo," Papa Kaseba akasema polepole. Bongo, kwetu, ni uongo. "Ile ni kujikinga. Ule muntu anasumbua."

Msichana mmoja aliuliza, kwa heshima zote, kama baba wa kujikinga ni nani. Papa Kaseba akakaa. Akafungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga. Mwisho akachukua simu, akampigia yule mtu. "Ndugu. Niko Likasi. Niko mu kanisa. Nilikudanganya. Kuya, nakungojea." Yule ndugu alikuja kweli, akakaa nyuma, akasikiliza mpaka mwisho wa somo, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akabatizwa. Papa Kaseba alisema hadi kifo chake kwamba ndiye mtu pekee aliyeletwa kwa Bwana na uongo wa Lubumbashi. Nilimwambia asiifanye kuwa njia.

Kesi nyingi zilikuwa hivyo, za kucheka nusu. Sasa niwape ile ambayo haikuwa hivyo, ingawa ilianza kwa kicheko.

Katika kwaya yetu ya akina mama walikuwapo wawili waliosimama bega kwa bega, wote sauti ya kwanza. Mama Kapinga alikuwa wa asili ya Kasai. Babu yake aliletwa kufanya kazi mgodini, na yeye alizaliwa hapahapa Likasi. Aliuza mandazi karibu na stesheni. Mama Mwewa alikuwa mwenyeji wa huku Katanga. Aliuza samaki aliokwenda kuwachukua mwenyewe kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele. Wote wawili walikuwa na ndimi zenye makali, na kwa miaka walinoana ndimi hizo kwa upendo.

Siku moja, mazoezi ya nyimbo za mavuno yamekwisha kuanza, Mama Mwewa alichelewa. Alikuja moja kwa moja kutoka ziwani na beseni lake. Mama Kapinga akainua pua.

"Bamama, tufunguleko dirisha," akasema. "Samaki ya Mama Mwewa inaanza kuimba mbele ya mwenyewe kufika!"

Kwaya nzima ilicheka. Hata mimi, niliyekuwa mlangoni, nilijificha nicheke. Lakini Mama Mwewa alikuwa ametembea tangu alfajiri, lori lilimharibikia njiani, na kicheko kile kilimkuta mahali pabaya. Akaweka beseni chini.

"Kama harufu ya hapa inakusumbua," akasema, "rudia kwenu."

Kicheko kilikatika kama umeme wa mji wetu.

Ninyi mliozaliwa juzi lazima niwaeleze. Kulikuwa na miaka mibaya katika mkoa huu, watu wa Kasai walipofukuzwa. Walilala stesheni familia kwa familia, na masufuria na magodoro yao, wakingojea mabehewa. Mama Kapinga alikuwa msichana wakati huo. Aliondoka hapa akiwa na mama yake. Mama yake hakufika. Alifia njiani, akazikwa kando ya reli kwenye kituo kidogo ng'ambo ya Kamina, treni ikaendelea. Baadaye mambo yalipotulia Kapinga alirudi Likasi, kwa maana huku ndiko alikojua. Na maneno waliyoambiwa asubuhi ile walipotolewa nyumbani yalikuwa hayohayo mawili: rudia kwenu, yaani rudi ulikotoka.

Mama Kapinga alijifunga kitenge vizuri, akatoka.

Jumapili iliyofuata wote wawili walikuja kanisani, wakasimama kwenye kwaya, katikati yao pakiwa na nafasi ya kutosha mbuzi. Nikahubiri juu ya ulimi, kwamba ni moto mdogo unaochoma msitu mkubwa. Baada ya ibada Mama Kapinga akanishika mkono. "Aksanti, Pasta. Leo ulimupata." Sijakaa vizuri, Mama Mwewa akanishika mkono wa pili. "Pasta, leo ulimugonga kabisa. Mais sijui kama alisikia." Nikahubiri juu ya kiburi. Wote wawili wakashukuru. Nikahubiri juu ya boriti na kibanzi, na hapo nilijiona mjanja sana. Mama Mwewa aliniambia kwamba boriti ile niliieleza vizuri, mtu alikuwa anaiona kabisa mu jicho ya Mama Kapinga.

Nikachukua baiskeli.

Kwa Mama Mwewa nilipewa samaki na bukari, na hoja.

"Pasta, minye nilifukuza nani?" akaniuliza. "Ile miaka nilikuwa mutoto mwanamuke tu. Sikushika mupanga, sikushika jiwe. Niliua nani? Ni neno tu. Na yeye njo alianza, na samaki yangu."

"Yesu anasema anayemtukana ndugu yake kwa hasira atahukumiwa kama anayeua."

"Ndiyo. Yeye alinitukana."

"Mama Mwewa."

"Ulitaka samaki ingine?" akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa Mama Kapinga nilikuta anakaanga. Hakunitazama. Aligeuza mandazi moja moja kana kwamba kila moja lina jina.

"Pasta, asubuyi ile bukari ilikuwa ku meza," akasema. "Mama alikuwa anaisha kuisonga. Hatukuikula. Mu treni mama alikuwa anauliza kila siku: ile bukari, nani anaikula? Mupaka akakufa anauliza." Akatoa mandazi, akaweka mengine. "Nilirudia huku sababu nilijiambia, sawa, muji ni ya bantu, mais kanisa ni ya Mungu. Sasa mu kwaya ya Mungu bananiambia vile. Nilishamuambia ndugu yangu wa Mbuji-Mayi, kule Kasai, anitafutieko nyumba. Mavuno ikiisha, naenda."

"Utaacha kwenu?"

"Kwetu ni wapi, Pasta?"

Niliondoka bila kula, jambo ambalo nimewaambia msilifanye kamwe.

Nilikwenda kwa Pasta Ngoie. Alikuwa amestaafu wakati huo, magoti yamechakaa, na alikaa siku nzima akirekebisha redio za watu ambazo hazikuwa na tatizo. Nilimweleza yote. Nikamwambia nimehubiri kila onyo ninalolijua.

"Umesema sana," akasema. "Sasa ile maneno ya Yesu, ya sadaka, muntu anakumbuka ndugu yake, anaacha sadaka, anaenda. Ulishaka kuihubiri?"

"Mara nyingi."

"Na balienda?"

Sikuelewa. Akaiweka bisibisi chini. "Ukisoma 'tuombe', banaomba. Ukisoma 'tuimbe', banaimba. Ukisoma 'enda', banakaa. Juu ya nini?"

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mnajua ilivyo: mahindi, mihogo, mabeseni ya karanga, maboga, kuku wamefungwa miguu, na safari hii mbuzi wawili waliotoka shamba la mtu huko Kapolowe. Mama Kapinga alileta beseni la mandazi lililofunikwa kitambaa cheupe. Mama Mwewa alileta samaki wakavu waliopangwa kama mchanganuo wa hesabu. Vyote vikawekwa madhabahuni. Pasta Ngoie alikuwa amebebwa akaketishwa benchi ya mbele.

Nilisoma maneno yale. Kwamba ukiwa umeleta sadaka yako, ukakumbuka hapo kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kwanza ukapatane naye, kisha urudi uitoe. Nikafunga Biblia.

"Bon," nikasema. "Sadaka iko hapa. Endeni."

Nikakaa.

Watu waliinamisha vichwa wakidhani ni sala. Baada ya muda wakaviinua. Wakanitazama. Wakatazamana. Papa Kaseba akakohoa na kuninong'oneza kwamba nimeruka mahubiri.

"Sijaruka," nikasema. "Yamekwisha."

Mikoba yote ilifunguliwa, watu wote wakatafuta vitu. Nilifikiri: basi, kazi yangu imekwisha leo, kesho nitauza samaki na Mama Mwewa.

Kisha mzee mmoja wa tenori alisimama, akachukua kofia, akatoka akisema kwa sauti, "Minye naenda kwa ndugu yangu. Asiponifungulia nitarudia." Mwanamke akatoka nyuma yake akimbeba mtoto. Wanaume wawili waliokuwa wamekaa benchi moja, mmoja huku mwisho na mwingine kule, walitazamana, wakaona hawana haja ya kwenda mbali, wakakutana katikati. Halafu ikawa kama maji yanayobomoa ukingo. Mwalimu wa kwaya alikwenda kuwaomba msamaha sauti ya pili, ambao alikuwa akiwaita mabati. Papa Kaseba alichomoa simu, akasema, "Allô, minye niko mu kanisa, vraiment niko mu kanisa," akatoka nayo uani. Mke wangu alisimama, akaniambia anakwenda kwa dada yake upande wa pili wa mji, na chakula cha mchana nisimngojee. Kwa miaka nilikuwa nimemwombea afanye hivyo. Sikujua sala ile ingejibiwa saa ya kula.

Kanisa likawa tupu. Nilibaki na Pasta Ngoie, na mbuzi wawili, na kuku, na katika kwaya, wamekaa kwenye viti vyao, Mama Kapinga na Mama Mwewa.

Hawakutazamana. Walinitazama mimi.

"Pasta," akasema Mama Kapinga, "Biblia inasema anaenda nani? Ule ndugu yake iko na neno juu yake. Minye niko na neno juu yake. Donc, basi, yeye njo anakuya."

"Na minye niko na neno juu yake," akasema Mama Mwewa. "Ya samaki. Donc yeye njo anakuya."

Nilifungua Biblia, nikaisoma tena, nikaifunga. Kule chuoni hawakutufundisha jambo hilo. Mbuzi mmoja alikuwa ameanza kula maua ya mimbari. Niliinuka kumfukuza.

"Acha akule," Pasta Ngoie akasema. "Njo peke anajua kitu inamuleta hapa."

Tukakaa. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi lingine. Mwisho Mama Mwewa alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Mama Kapinga alimtazama mpaka mlangoni, kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi na hakufurahi. "Unaona, Pasta," akasema. "Anaenda kula."

Tulikuwa bado tumekaa hivyo alipoingia binti mkubwa wa Mama Kapinga, anahema.

"Mama, kuya ku nyumba. Mama Mwewa eko mu lupango. Tulimupa kiti, anakatala. Eko chini, mu udongo. Anasema anakungojea."

Lupango ni kiwanja cha nyumba, na chao kilikuwa mitaa michache tu kutoka kanisani. Mama Kapinga alikwenda kwa mwendo ambao sikuwahi kumwona nao. Nilimfuata nikimwacha Pasta Ngoie na mifugo.

Ilikuwa kweli. Mama Mwewa alikuwa ameketi chini karibu na jiko la mandazi, miguu imenyooshwa, kitenge cha kwaya kwenye vumbi jekundu. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Mama Kapinga akasimama mbele yake.

"Juu ya nini hukusema kule mu kanisa?" akauliza.

"Kule ni kwa bote," Mama Mwewa akasema. Sauti yake haikuwa ile ya sokoni. "Minye nilikuambia urudie kwenu. Njo nimekuya kuona kwenu ni wapi." Akapiga udongo kwa kiganja. "Ni hapa. Kwenu ni hapa. Nimekosa, Mama Kapinga. Ile neno nililijua ni neno gani. Nililichagua."

Mama Kapinga hakumkumbatia. Nawaambia hili kwa sababu mtasikia wengine wakisimulia kwamba walikumbatiana na kuimba. Alisimama mikono kiunoni. Kisha akasema:

"Ile neno mama yangu alikufa nayo. Siwezi kuitoa leo."

"Ndiyo," akasema Mama Mwewa.

"Kesho kuya tena."

"Nitakuya."

"Na unyoshe kikwembe, unachafula uniforme ya kwaya."

Basi hapo majirani wakacheka, na Mama Mwewa akainuka, na wote wawili wakarudi kanisani, mmoja mbele na mwingine nyuma kidogo, kuzitoa sadaka zao. Jioni yote watu walirudi hivyo, wawili wawili, mmoja mmoja, wengine wakiwa na wageni wasiowahi kuingia kanisani. Sio wote waliopatana. Yule mzee wa tenori alifunguliwa mlango, akafukuzwa kwa mchi. Ilibidi aende mara tatu. Maua ya mimbari hayakupatikana tena. Dada ya mke wangu alikuja kukaa kwetu, na yuko mpaka leo, kwa hiyo pimeni vizuri kabla ya kuhubiri maneno hayo.

Mama Mwewa alikwenda kesho yake, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Siku nyingine hawakuongea; alikaa tu akapepea mkaa. Siku nyingine waligombana juu ya chumvi. Mvua zilikuja na kwisha. Nyumba ya Mbuji-Mayi ilipatikana, na Mama Kapinga akamwandikia ndugu yake ampe mtu mwingine.

Mwaka jana, nikiwa karibu kustaafu, Mama Kapinga alinijia. Alitaka kwenda kutafuta kaburi la mama yake kabla miguu haijamkatalia. Nilimuuliza nani atamsindikiza. Alionyesha kwa kidevu Mama Mwewa, aliyekuwa nje anagombana na mpanda pikipiki. "Ule anasema anaenda. Sikumuita."

Niliwapeleka stesheni. Treni, kama kawaida yake, ilikuja ilipotaka. Walibishana nani akae dirishani, wakabishana nani alisahau chupa ya maji, wakaondoka.

Niliwapokea waliporudi. Walishuka wamejaa vumbi, wadogo kuliko walivyoondoka, wakishikana mikono kwa sababu ngazi ya behewa ni ndefu, halafu hawakuachana hata baada ya ngazi. Nikauliza kama walilipata kaburi.

"Hapana," akasema Mama Kapinga. "Kule makaburi ya ile treni ni mingi, Pasta. Majani inafika hapa." Akaonyesha kifua. "Hakuna jina, hakuna musalaba. Nilikaa chini nikalia. Nikasema, turudie."

"Na mkarudi?"

Mama Mwewa alinyoosha viganja vyake nivione. Vilikuwa vimechubuka, na malengelenge mengine hayajapona.

"Tuliazima majembe kwa bantu ya pale," akasema. "Hatukujua ni ipi ya mama. Tukapalilia yote."